Namba Kumi na Moja Nyuma ya Pazia

Tangu siku okestra ya Lauterstedt ilipotangaza usaili wa kiti cha tarumbeta ya pili, Mzee Gernot aliacha kupiga soga na Swantje Harms. Hawakugombana, la hasha. Walikuwa wamekaa bega kwa bega misimu miwili mizima, mzee kwenye tarumbeta ya kwanza, Swantje kwenye ya pili kwa mkataba wa muda, na katika misimu hiyo mzee hakuwahi kufunga mdomo. Katikati ya simfoni, kwenye zile kurasa ndefu ambazo sisi watu wa tarumbeta hatuna kazi ila kuhesabu mpaka zamu yetu ifike, alikuwa akimnong'oneza mambo ya kumvunja mbavu: eti kiongozi wa okestra leo kavaa soksi mbili tofauti, eti yule bwana wa filimbi kapaka nywele rangi ya karoti, mwangalie, mwangalie kabla hajageuka. Sasa ghafla kimya. Akisalimiwa anajibu, "Salama, mvua inakuja," basi, anainamia tarumbeta yake na kuifuta kama ina ukoma.

Sababu ilikuwepo. Kwa adabu za kazi hii, mtu atakayepiga kura kwenye usaili hamfundishi mgombea, hamdokezi, hamwambii hata kama koti lake limependeza. Swantje aliijua adabu hiyo fika. Lakini hebu mnyamazie mtu uliyezoea kucheka naye, mnyamazie wiki baada ya wiki, uone kama hatakutafutia sababu nyingine. Swantje alizitafuta na akazipata nyingi. Labda mzee amemchoka. Labda kuna mwingine wanayemtaka. Labda misimu yote miwili walikuwa wakimvumilia tu, kama anavyovumiliwa mgeni asiyejua saa ya kuondoka.

Na kiti kile alikitaka kufa na kupona. Mkataba wake ulikuwa unaisha Julai na sheria haikuruhusu uongezwe tena. Alikuwa na miaka thelathini na minne, umri ambao okestra nyingi hazijibu hata barua yako, zinataka vijana waliotoka chuoni jana. Akikikosa hiki, alijua kinachomngoja: shule ya muziki ya wilaya, kufundisha watoto wanaotema mate ndani ya tarumbeta, Jumanne na Alhamisi, mpaka meno yamtoke. Si kazi ya aibu hiyo. Lakini mtu aliyewahi kukaa ndani ya ile sauti kubwa, watu themanini wakivuta pumzi pamoja, ukimwambia arudi darasani peke yake utakuwa umemfukuza nyumbani.

Jumapili moja, baada ya onyesho la asubuhi, Gernot alimkuta kwenye chumba cha vyombo. Mzee akatazama kushoto, akatazama kulia, mwizi mtupu, kisha akasema haraka haraka:

"Wewe usihangaike. Sisi tuna masikio."

Akachukua koti lake akaondoka. Swantje alibaki ameshika kitambaa cha kufutia, hajui acheke au alie.

"Tuna masikio!" alimwambia mumewe jioni ile. "Maana yake nini?"

Jannes ni mkulima wa stroberi, na mwezi wa sita kwa wakulima wa stroberi si mwezi wa mafumbo. Alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni.

"Labda maana yake wana masikio."

"Jannes, usinitanie."

"Sikutanii, mke wangu. Mimi naona anakupa moyo."

"Au ananionya. Kwamba wameshasikia kasoro zangu zote hizi, nisidhani pazia litanificha."

"Basi muulize."

"Haruhusiwi kunijibu!"

"Sasa kama haruhusiwi kujibu, na wewe huruhusiwi kuuliza, hayo maneno kayasema ya nini?"

"Si ndiyo ninayokuuliza!"

Jannes akatazama miguu yake ndani ya maji, akasema yeye kazi yake ni stroberi.

Basi, kwa kuwa aliyemjua vizuri kuliko wote amefunga mdomo, Swantje akaenda kutafuta midomo mingine. Hapo ndipo mambo yalipoanza kumwendea mrama, na mimi nasema wazi, angekaa kwake akala stroberi zake asingefika tulikofika.

Alianza na Profesa Thode, mwalimu wake wa zamani, mstaafu anayeishi na mbwa wawili vipofu. Profesa alimsikiliza ameinamisha kichwa. Swantje alipiga mwendo wa kwanza wa lile tamasha la tarumbeta, kipande kirefu cha tarumbeta na okestra, ambalo kila usaili wa nchi hii huanza nalo, tena kwenye tarumbeta ya vali za kuzunguka, ile ya Kijerumani, kama adabu ya huku inavyotaka. Alipomaliza, mbwa mmoja alipiga miayo.

"Hapana, hapana, hapana," Profesa akasema. "Binti, sauti yako inatabasamu. Nani kakwambia okestra inataka tabasamu?"

"Sijui, Profesa. Hutoka yenyewe."

"Basi ifungie ndani! Siku hizi wanataka sauti nzito. Nyeusi. Mkate wa shayiri, si keki ya harusi. Unatumia kikombe gani?"

Kikombe ni ile sehemu ndogo ya fedha inayogusa midomo, na mpiga tarumbeta huishi na kikombe chake kama unavyoishi na meno yako. Profesa alikitwaa cha Swantje, akakigeuza geuza, akaguna, akakitumbukiza mfukoni mwa Swantje mwenyewe kama kitu cha kutupwa. Akampa kingine, kipana, kirefu ndani.

"Wiki ya kwanza utanichukia," alisema. "Ya pili utanishukuru."

Wiki ya kwanza alimchukia kweli. Alisikika kama ng'ombe aliyepotea kwenye ukungu. Wiki ya pili midomo ikaanza kuzoea, sauti ikawa nzito, nyeusi, pana, na Swantje akaanza kuipenda, au akaanza kujiambia anaipenda. Kati ya hayo mawili ni lipi? Usiniulize, hata yeye hakujua.

Ndipo alipomwalika Imke amsikilize. Imke alisoma naye chuo kimoja, na mwaka huo huo alikuwa ameshinda usaili wa okestra ya redio kule kusini, kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito. Alimsikiliza Swantje kwa nusu dakika, akaziba masikio.

"Toba! Nani kakufanyia hivi? Unapiga kama umefunikwa blanketi!"

"Ni Profesa. Anasema wanataka weusi."

"Profesa anakumbuka enzi za baba yake! Sikiliza, shosti. Nyuma ya pazia hakuna anayesikiliza uzuri. Wanasikiliza makosa. Noti moja ikiteleza, unasikia kalamu zote zinaandika. Mimi nilishindaje? Sikukosea. Basi! Nilipiga kama cherehani, nikashinda."

"Na sauti je?"

"Sauti gani? Shika kikombe kidogo, piga juu, piga safi, nenda nyumbani."

Akamwachia kikombe kidogo. Na vidonge pia, vile vya kutuliza moyo, ambavyo nusu ya wanamuziki wa nchi hii humeza na nusu nyingine huapa hawavijui. "Nusu tu," Imke alisema, "saa moja kabla. Lakini vijaribu kwanza, usije ukasinzia jukwaani."

Sasa nani mkweli? Profesa alikuwa amefundisha watu waliokaa kwenye viti vikubwa vya nchi hii. Imke alikuwa amekalia kiti chenyewe. Mmoja anasema mkate, mwingine anasema cherehani. Na Gernot anasema ana masikio. Swantje akawa anaamka asubuhi na kikombe cha Profesa, baada ya chakula cha mchana anahamia cha Imke, jioni midomo imevimba hajui tena ipo upande gani wa uso.

Jannes alimhurumia. Akasema tufanye kama wanavyofanya wenyewe, usaili wa mazoezi, watu wakusikilize nyuma ya pazia kisha waseme. Wakaomba ukumbi wa parokia, wakatundika shuka la kitandani kwenye kamba, na mbele ya shuka wakaketi Jannes, mama yake Jannes aitwaye Ortrud, mchungaji, na Imke aliyekuwa bado yupo mjini. Swantje akapiga kila kipande mara mbili, mara kwa kikombe kikubwa, mara kwa kidogo, bila kuwaambia.

"Haya," alisema akichungulia pembeni mwa shuka. "Ipi bora?"

"Ya pili," Imke akasema. "Hata hakuna cha kujadili."

"Ya kwanza ilikuwa na utulivu," mchungaji akasema. "Ingawa, nikisema kweli, nilikuwa nafikiria habari ya paa la kanisa."

"Mama je?"

Mama mkwe alikunja mikono. "Ya pili imenikumbusha kuku wangu yule aliyefia kwenye uzio. Ya kwanza imenikumbusha baba yake Jannes akiwa na mafua. Mwanangu, huna ile nyingine? Ile unayopiga ukiwa unapasha midomo huku mimi namenya viazi?"

"Ile si kitu, mama. Ile ni kupasha tu."

"Aa. Basi mimi sijui mambo ya muziki."

"Jannes?"

"Mimi nimesikia tarumbeta," Jannes akasema, akaona alivyotazamwa, akaongeza upesi, "nzuri sana! Zote!"

Swantje akarudi nyuma ya shuka akakaa sakafuni. Alikuwa amejirekodi kwa simu; akajisikiliza, akamsikia mtu asiyemfahamu. Mtu yule hakuwa mbaya. Alikuwa tu mtu mwingine, kama unapopita dirishani ukaona mwanamke kavaa koti kama lako ukashtuka.

Wiki mbili kabla ya usaili akafanya jambo ambalo mpiga tarumbeta yeyote akisikia hushika kichwa. Aliagiza kikombe cha tatu, si kikubwa si kidogo, kwa fundi mmoja anayesifiwa, akaviweka vingine vyote kabatini. Ebo! Wiki mbili! Hata bibi harusi habadilishi viatu yupo mlangoni pa kanisa. Lakini tayari alikuwa amechanganyikiwa kiasi kwamba jambo hilo aliliona ndiyo hekima yenyewe: nitakuwa katikati, alijiambia, asiyependa weusi hatachukia, asiyependa weupe hatachukia. Sitabasamu, sitakosea. Akavijaribu na vidonge. Mikono ikatulia vizuri, na moyo ukatulia, na kila kitu kikatulia, akapiga vipande vyote toka mwanzo mpaka mwisho bila kosa hata moja huku akiwaza nguo alizoanika.

Kwenye okestra, Gernot aliendelea na habari za mvua. Ila siku moja, Swantje alipojaribu kikombe kipya kwenye mazoezi ya asubuhi, mzee aligeuka akamtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Swantje aliliona hilo. Akaanza kuwaza: amependa? Amechukia? Ana njaa? Siku zilizobaki za kabla ya usaili alipewa likizo ajitayarishe, kwa hiyo mzee hakumsikia tena.

Siku ikafika, Jumatatu, kiyoyozi cha jumba la okestra kimeharibika. Walikuwa wagombea kumi na wanane, wote wakipasha midomo kwa pamoja kwenye vyumba vya chini, na kama hujawahi kusikia tarumbeta kumi na nane zikipiga tamasha moja kila moja mahali pake, mshukuru Mungu wako. Bi Siebels, mwanamama anayeshughulikia mambo yote ya okestra, alipita na kofia yenye karatasi zilizokunjwa. Kila mmoja akachomoa namba yake. Swantje akachomoa kumi na moja.

"Mnajua utaratibu," Bi Siebels alisema. "Ukiingia, usiongee. Ukitaka kitu, ninong'oneze mimi. Zulia limetandikwa, kwa hiyo hata viatu visisikike. Kule mbele hawatajua kama ni mwanamume, mwanamke, mzee, kijana, mwenyeji au mgeni. Ni namba tu."

Akamtazama Swantje kidogo aliposema mwenyeji, kisha akatazama kwingine. Swantje akaiongeza na hiyo kwenye ghala lake la mambo ya kuwazia.

Alimeza nusu kidonge. Akapanda ngazi, akaketi kwenye ushoroba karibu na mlango wa jukwaa, ingawa zamu yake ilikuwa mbali. Waliingia namba moja, mbili, tatu. Kisha akaingia wa nne.

Swantje alikuwa akifungua chupa ya maji. Hakuifungua. Kupitia ule mlango mnene alisikia tamasha lile lile alilolisikia mara elfu, lakini huyu alilipiga kama mtu anayekusimulia jambo la kuchekesha huku akijizuia kucheka. Wivu ulimshika Swantje, wivu wa waziwazi, halafu nyuma ya wivu kikaja kitu kingine kama kukumbuka nyumbani. Sauti ile aliwahi kuisikia. Wapi? Redioni? Chuoni? Alikuna kichwa, akafumba macho, hakupata. Ni kidonge hiki, alijiambia, kinanichezea.

Zamu yake ilipofika alikanyaga zulia, akasimama mbele ya lile pazia jeusi. Upande wa pili walikuwepo watu wote aliokula nao, aliosafiri nao, aliowaazima miavuli. Alisikia mtu akikohoa akajua ni Gernot. Akatamani na yeye akohoe. Akajizuia. Mpiga piano akaanza, naye akaingia.

Hakukosea. Tamasha, safi. Kile kipande cha mazishi kinachoanzwa na tarumbeta peke yake, safi. Ule wito unaopigwa kutoka mbali nje ya jukwaa, safi kabisa, kila noti mahali pake. Nyuma ya pazia hakusikia kalamu hata moja, akakumbuka maneno ya Imke, akashusha pumzi. Alitoka akitembea juu ya zulia kama hana uzito. Nimeweza, aliwaza. Nani anaweza kunikatalia, na kwa lipi?

Saa sita Bi Siebels alisimama kwenye ngazi. "Wanaoendelea duru ya pili: namba mbili, namba nne, namba kumi na tano. Wengine tunawashukuru kwa kuja."

Swantje alingoja amalizie. Alidhani karatasi ina upande wa pili. Bi Siebels hakugeuza karatasi. Alishuka ngazi, akamgusa bega alipopita, maana naye alijua kumi na moja ni nani, na haruhusiwi kusema.

Wengine wakafungasha. Kwa nini Swantje hakwenda nyumbani? Hata angeulizwa na polisi asingejua kujibu. Alienda kantini, akanunua supu, akakaa mbele yake mpaka ikaganda juu. Kichwa chake kilikuwa kinazunguka neno moja: kwa lipi? Kwa lipi? Angekosea angeelewa. Angelia, angetukana, angeelewa.

Duru ya pili haina pazia. Ndiyo maana haikupita muda mrefu mlango wa kantini ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia Gernot, uso mweupe kama chaki, shati limelowa.

"Ulikuwa namba ngapi?"

Ukiacha yale ya masikio, hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza baada ya wiki nane za mvua.

"Kumi na moja, mzee."

Gernot akavuta kiti akakosa kukikalia vizuri, akashika meza.

"Usiniambie hivyo."

"Kumi na moja. Nilikosea wapi?"

"Hukukosea! Mungu wangu, hukukosea popote, ndiyo..." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Swantje, mwanangu, sisi tulikuwa tunakutafuta wewe. Safu nzima ya tarumbeta. Tuliambizana, pazia ni pazia, lakini tumekaa naye misimu miwili, tutamjua tu, hata akipiga noti moja. Akaja namba nne. Tukakanyagana miguu chini ya viti. Nikasema kimoyomoyo, huyo hapo, karudi. Wakati wa kura, safu ndiyo husema kwanza, unajua. Nikasimama mbele ya okestra nzima. Nikasema, huyu wa nne ndiye anayekaa na sisi, hatutaki mwingine. Wote wakatufuata. Sasa hivi pazia limeondolewa, anatoka kijana wa Bavaria, mrefu kama nguzo, simjui baba yake wala mama yake!"

Swantje alimsikiliza, na maneno yalikuwa yanaingia lakini hayakai mahali.

"Na kumi na moja?" aliuliza. "Mlisemaje kuhusu kumi na moja?"

"Achana na hilo."

"Mzee. Mlisemaje?"

Gernot alitazama ile supu. "Nilisema mimi mwenyewe. Nilisema, huyu ni safi, lakini sijui anatoka wapi. Nikapiga kura ya hapana."

"Lakini ulikuwa hunisemeshi! Ningejuaje? Hukunisemesha hata neno moja!"

"Nilikuwa nakulinda! Nisikusemeshe, ili siku ukishinda asitokee mtu kusema ulibebwa!" mzee akasema. "Nilidhani unajua. Nilidhani kila mtu mjini anajua kwamba kiti ni chako."

Swantje alikoroga supu iliyoganda. Hasira ilikuja, ikapita, ikamwachia mahali patupu. Amkasirikie nani? Mzee aliyefuata adabu? Profesa? Imke? Pazia? Gernot alisimama, kwa sababu walikuwa wanamwita ndani kwa kura ya mwisho, na kwa sababu yule kijana alikuwa amepiga vizuri, na kura ya haki ni kura ya haki. Alimshika Swantje kichwani kama mtoto, akaenda.

Alasiri wakamchagua namba nne. Mwaka mmoja wa majaribio kuanzia Septemba. Swantje alisikia makofi akiwa kantini, bado hakuwa ameondoka, amempigia Jannes simu akamwambia asije, kisha akampigia tena akamwambia aje. Akimngoja, mlango ukafunguliwa, akaingia kijana mrefu na kesi ya tarumbeta mgongoni, masikio mekundu kwa furaha, akitafuta mtu wa kumwambia chochote. Kantini ilikuwa na Swantje peke yake.

"Samahani dada, naweza kukaa? Naitwa Korbinian. Sijala tangu asubuhi."

"Kaa tu. Hongera."

"Ahsante! Hata siamini. Na wewe ulikuwepo asubuhi, eti? Pole sana."

"Ahsante."

Alikuwa kijana mwema, huwezi kumchukia. Alikula mkate wake wa jibini kwa mikono miwili, akawa anaongea huku anatafuna.

"Nikwambie siri? Mimi nilijitayarisha kwa kusikiliza. Wakati wa baridi nilikuja huku kwa treni, maonyesho mawili matatu hivi, nikakaa juu kabisa, viti vya nyuma ya nguzo, vya wanafunzi. Huoni mtu, unasikia tu. Nikasema, ukitaka kuingia nyumba ya watu lazima ujue wanavyoongea. Sasa yule wa kwanza ni mzuri, sikatai. Lakini wa pili! Dada, yule wa pili! Sauti inatabasamu, unaelewa? Nikarudi chumbani kwangu nikaiga hiyo tu. Miezi minne. Majirani walitaka kunipiga."

Swantje aliweka kijiko chini.

"Nikasikia kiti chenyewe ndicho kinachosailiwa, na huyo bwana alikuwa wa muda, kwa hiyo atakuja. Nilikuwa namwogopa yeye tu. Hawa wengine wote, na usinielewe vibaya, sikuwaogopa. Nilipomaliza zamu yangu nilikaa mlangoni nikawasikiliza wote mpaka wa mwisho, roho juu. Hakuja." Korbinian akacheka kwa kushukuru. "Sijui aliugua au alipata kazi kwingine. Ninyi wenyeji mnajua? Alikuja?"

"Hakuja," Swantje akasema.

Machozi yakamtoka hapo hapo, bila sauti, mengi, yakaingia kwenye supu. Kijana akaruka, akasukuma leso zote za karatasi zilizokuwa mezani upande wake, akaomba radhi bila kujua ya nini, akauliza kwa sauti ya chini:

"Lo, dada. Alikuwa mtu wako wa karibu?"

Swantje alijipangusa. Alifikiria swali lile kwa dhati, akalitafutia jibu la kweli, na jibu lenyewe halikuja.

"Sijui," akasema. "Nilidhani namfahamu."